Kasisi mwenye rungu alizaliwa Saint Paul

Kama umeshasikiliza kipindi cha wiki hii, unajua kuna mahali tuliongea kuhusu makasisi wapiganaji kwenye Dungeons & Dragons, tukacheka, halafu nikabadilisha mada haraka haraka. Nilibadilisha kwa sababu nilikuwa na habari ndefu ambayo sikuwa tayari kuisema kwenye maikrofoni. Ndo hii hapa.

Januari iliyopita Bibi yangu alikuwa huku kwetu Brooklyn Park. Bibi ni mtu wa Songea, na baridi ya Minnesota ilimshinda siku ya kwanza tu. Alishinda ndani, koti juu ya sweta, kitenge juu ya koti. Jumamosi moja tulikuwa mezani na binamu zangu tunacheza, karatasi kila mahali, dadu zinadondoka chini. Bibi akavuta kiti, akachukua kitabu cha sheria na kuanza kufungua kurasa. Akasimama kwenye picha ya mtu mwenye deraya, ngao, alama ya dini kifuani na rungu mkononi.

"Huyu ni padri?"

"Ndiyo Bibi. Kama padri."

"Mbona ana rungu?"

"Anapigana, Bibi. Anaponya wenzake, halafu anapigana."

Akaitazama ile picha muda mrefu. "Na dawa yake inafanya kazi?"

"Inafanya, Bibi. Imeandikwa humo humo."

Akacheka kidogo, akafunga kitabu. "Basi huyo hajatoka kwetu."

Hakuongeza neno. Mimi ndo nikabaki na swali: kama hajatoka kwetu, katoka wapi? Nilipoanza kutafuta nilikuta jibu la kwanza liko nusu saa tu kwa gari kutoka nyumbani. Jibu la pili liko kwao Bibi.

Besimenti ya Saint Paul

Watu wengi wanajua kwamba Dungeons & Dragons ilichapishwa Lake Geneva, Wisconsin, Januari 1974, na jina linalotajwa kwanza ni la Gary Gygax. Lakini kwenye jalada kuna majina mawili, na la pili ni la kijana wa huku kwetu. Dave Arneson alizaliwa mwaka 1947 Hennepin County, akasoma historia Chuo Kikuu cha Minnesota, na akafariki Saint Paul mwaka 2009.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na kundi la vijana wa Minneapolis na Saint Paul waliopenda michezo ya vita ya mezani. Unapanga vijisanamu vya askari, unapima umbali kwa rula, unapiga dadu kujua nani kafa. Mwaka 1969 mmoja wao, David Wesely, alijaribu kitu kipya. Badala ya kumpa mchezaji jeshi zima, alimpa mtu mmoja tu wa kumwigiza katika mji wa kubuni wa Kijerumani uitwao Braunstein. Huyu mkuu wa mji, yule mwanafunzi mkorofi, na kila mmoja ana lake moyoni. Mchezo ukamponyoka Wesely mikononi, watu wakaanza kuzungumza na kupanga njama badala ya kupigana, na kumbe hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe.

Arneson akalichukua wazo hilo. Mwaka 1971, kwenye besimenti ya nyumba ya wazazi wake Saint Paul, aliweka jumba dogo la plastiki juu ya meza ya ping-pong na kuliita Blackmoor. Chini ya jumba hilo akachora mashimo na njia zenye giza, wachezaji wakaingia humo. Karibu kila mchezo wa kompyuta unaocheza leo ambao mhusika wako anapanda ngazi na kupata nguvu mpya una damu ya ile besimenti.

Sasa kasisi anaingia wapi? Kwa jinsi wachezaji wa Blackmoor wenyewe walivyosimulia, mwenzao David Fant alikuwa na mhusika aliyegeuka kuwa vampaya, yaani mfu anayenyonya damu, akaitwa Sir Fang. (Ukimweleza mtu wa pwani atakwambia ni mumiani. Wanakaribiana, ila mumiani hajafa, na mara nyingi anasemekana kuwa na gari.) Sir Fang akawa na nguvu kupita kiasi. Wapiganaji hawakumuweza, na meza nzima ikawa ya mtu mmoja.

Unafanyaje ukiwa msimamizi? Unaweza kumuua kwa amri yako, lakini huo ni uonevu. Njia waliyoifuata ilikuwa kuleta mtu wa aina nyingine. Mchezaji mwingine, Mike Carr, akawa kasisi, mtu anayemkabili mfu kwa imani badala ya upanga. Kwenye historia ya mchezo anakumbukwa kama Askofu Carr. Mfano wao ulitoka kwenye sinema za Dracula za kampuni ya Hammer ya Uingereza, ambamo Peter Cushing, kama Van Helsing, anamrudisha nyuma mnyonya damu kwa msalaba.

Kitabu kilipotoka mwaka 1974 kulikuwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mtumia uchawi, na kasisi. Kasisi alipewa jedwali lake la kufukuzia wafu. Unapiga dadu mbili, unaangalia kama misukule imekimbia. Orodha inaanza na mifupa inayotembea, na mwisho kabisa yupo vampaya, ambaye kasisi mchanga hana ubavu naye. Jedwali zima linanuka Sir Fang. Mike Carr mwenyewe baadaye alifanya kazi kwenye kampuni iliyochapisha mchezo, na dibaji ya kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 ni yake.

Kwa hiyo, ukiondoa mapambo yote, kasisi mpiganaji alizaliwa kwa sababu moja: mtu mmoja mezani alikuwa na nguvu ambayo silaha za kawaida za wenzake hazikuiweza. Shika hapo, tutarudi.

Rungu la askofu

Rungu je? Sheria ya mwanzo ilisema kasisi haruhusiwi silaha yenye makali. Hakuna upanga wala mshale, ni rungu na nyundo. Sababu inayotajwa ni Askofu Odo wa Bayeux, ndugu wa mama mmoja na William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Kuna kitambaa cha kudarizi chenye urefu wa karibu mita 70 kinachosimulia vita ile, na ndani yake Odo yuko juu ya farasi, kashika rungu, anawatia moyo vijana. Watu wakatunga maelezo: padri hakuruhusiwa kumwaga damu, kwa hiyo alibeba kitu kisichokata.

Maelezo hayo ni dhaifu. Ukimpiga mtu rungu la kichwa, damu itatoka tu. Na yule askofu mashuhuri wa hadithi za kale za Kifaransa, Turpin, anapigana kwa upanga na mkuki bila aibu. Wanahistoria wengi wanaona kwamba rungu la Odo ni alama ya ukubwa: anayelishika ndiye anayeamuru.

Hapo nilicheka peke yangu. Sisi tuliokua na wazazi wa Kenya na Tanzania tungehitaji mwanahistoria wa kutuambia hilo? Rais Moi alitembea na rungu miaka 24 ya utawala wake, na sijasikia mtu akisema alilibeba kwa sababu hapendi damu. Rungu mkononi mwa mkubwa ni maneno: nyamazeni, naongea mimi.

Kwa upande mwingine, makasisi wapiganaji walikuwepo kweli duniani. Agizo la Hekalu, wale watawa wenye panga waliolinda mahujaji wa Yerusalemu, lilianza karibu na mwaka 1119 na kufutwa na Papa Clement wa Tano mwaka 1312. Japani walikuwepo watawa wa Kibudha wenye silaha. Afrika Kaskazini walikuwepo Murabitun, waliotoka jangwani na mafundisho ya dini wakajenga dola lililovuka hadi Hispania. Wachapishaji wa mchezo walipotoa kitabu kikubwa cha miungu mwaka 1980, waliweka Ugiriki, Skandinavia, Misri, India, China, Japani, hata miungu ya riwaya za kutisha. Kwa Afrika kusini mwa Sahara hawakuweka hata ukurasa mmoja.

Mama yangu, kwa bahati mbaya, alikuwa na wasiwasi mwingine kabisa. Kanisani alisikia kwamba mchezo huu ni wa mapepo, maneno yaliyoanza hapa Marekani miaka ya 1980 na hayajaisha. Nilimwambia, "Mama, mmoja wa wahusika wa kwanza kabisa ni askofu anayemfukuza mfu kwa msalaba." Akaniangalia. "Na huyo mfu ni nani?" "Ni jamaa anaitwa David." Mazungumzo yakaishia hapo.

Ngarambe

Sasa twende kwao Bibi, lakini tupitie kwanza Umatumbini, kusini mwa mto Rufiji.

Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ililazimisha vijiji vya huko kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja. Akida anasimamia, kiboko kinafanya kazi, mashamba ya chakula yanaachwa, na malipo ni kidogo sana au hakuna. Watu walikuwa na mikuki na magobole. Wenzao walikuwa na bunduki za kisasa na mizinga ya bombomu. Yaani meza ilikuwa ya mtu mmoja.

Mwaka 1904, katika kijiji cha Ngarambe, alitokea mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale. Simulizi za wazee, ambazo mwanahistoria Gilbert Gwassa alizikusanya miaka ya 1960, zinasema alishikwa na pepo aitwaye Hongo, akaingia kwenye kidimbwi cha maji na kuzama. Ndugu zake wakalala kando ya mto wakisubiri. Kesho yake akatoka na nguo kavu, akaanza kufundisha. Aliwaambia watu kwamba wote ni wamoja, kwamba wahenga watarudi, na kwamba ipo dawa. Ilikuwa maji, mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Atakayeipata, risasi za Mjerumani zitamgeukia maji.

Watu wakamiminika Ngarambe kwa maelfu. Halafu dawa ikatoka kwenda kwa watu, ikibebwa na wajumbe ambao nao waliitwa hongo. Hongo anafika kijijini, anawapa watu dawa, anawapa miiko, kwa mfano wasipore mali, anawafundisha kujipanga, na kesho anaondoka kwenda kijiji kingine. Soma hiyo tena kama mtu anayecheza mchezo wetu. Ni mtu wa dini anayesafiri, ana dawa, ana masharti, anawatayarisha watu kwa vita. Hatukuhitaji kumbuni.

Kinjikitile aliwaambia wasubiri amri yake. Hawakuweza. Mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, vita vikiwa havijamaliza hata wiki mbili. Lakini maji yalikuwa yameshaondoka, yakafika kwa Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni. Zaidi ya makabila 20 yaliingia, mengine yakiwa na ugomvi wa miaka mingi baina yao.

Tarehe 30 Agosti maelfu yao waliishambulia boma ya Mahenge. Waliingia uwanja wazi mbele ya bombomu mbili.

Dawa haikufanya kazi.

Hii ndiyo sentensi ambayo Bibi aliimeza ile Jumamosi. Wangoni nao walipokea maji, wakapigana, wakashindwa. Februari 1906 viongozi wao wengi walinyongwa Songea, na wapo waliobatizwa na padri kabla tu ya kupanda kitanzini. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Makasisi walikufa upande wa pili pia: Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa na wapiganaji Agosti 1905 akiwa safarini kwenda ndani ya nchi. Bibi yangu ni Mkatoliki wa Peramiho, na ni mjukuu wa watu waliokunywa maji. Makasisi wa pande zote mbili ni wake.

Na vita havikuisha kwa risasi. Jeshi la Gavana von Götzen lilichoma vijiji, maghala na mashamba. Makadirio ya Wajerumani wenyewe ni watu 75,000 waliokufa. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa.

Hakuwa peke yake

Msidhani ni Tanganyika tu. Tarehe 19 Oktoba 1905, miezi miwili na nusu baada ya Kinjikitile, afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen alimuua Koitalel arap Samoei kwenye mkutano uliotajwa kuwa wa amani. Koitalel alikuwa orkoiyot wa Wanandi, mtabiri ambaye vijana hawakwenda vitani bila baraka zake. Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, Waingereza walimkamata Muhumusa mwaka 1911, mwanamke aliyeongoza watu kwa jina la roho ya Nyabingi, wakamweka Kampala hadi alipofariki mwaka 1945. Na kwa Wagiriama, mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliwalisha watu kiapo cha kutowatumikia Waingereza, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Mwaka uliofuata serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Ukiona serikali inalipua mahali pa kuombea, ujue imeelewa nguvu ilikuwa wapi.

Sheria ya mezani kwetu

Miezi michache baadaye binamu yangu alisema anataka kucheza hongo. Siyo kasisi wa kwenye kitabu. Hongo, na kibuyu chake. Akaniuliza mimi msimamizi: maji yafanye nini?

Nilikaa wiki mbili sina jibu. Nikisema maji yanazuia risasi, nimewadanganya waliokufa Mahenge, kana kwamba walikosea tu kupiga dadu. Nikisema hayafanyi kitu, nimesema mababu zetu walikuwa wajinga, jambo ambalo Wajerumani walilisema tayari na hawahitaji msaada wangu. Ebrahim Hussein alilibeba swali hili hili kwenye tamthilia yake *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969, na kama hujaisoma, waombe wazazi, inawezekana waliisoma shuleni.

Mwisho nilirudi kwenye ile besimenti. Kasisi wa Saint Paul hakuongeza nguvu ya upanga wa mtu. Alileta nguvu ya aina nyingine mezani. Maji nayo yalifanya kitu ambacho hakuna mkuki ungeweza: yalimfanya Mngindo na Mpogoro waende pamoja. Mwaka 1956 Nyerere alipozungumza Umoja wa Mataifa kudai uhuru, aliitaja vita ile kama ushahidi kwamba watu hawakuwahi kukubali kutawaliwa.

Kwa hiyo tukaandika hivi. Maji hayazuii risasi. Kijiji kilichokunywa hakiwezi kukisaliti kijiji kingine kilichokunywa, na kinakuja kikiitwa, hata kama jana walikuwa maadui. Lakini hongo anaandika kwenye karatasi yake jina la kila mtu aliyempa maji, na akifa, jina halifutwi. Binamu yangu sasa ana ukurasa mzima.

Nilimtumia Bibi ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp nikimweleza sheria yote, najisikia mwerevu kabisa. Kimya siku mbili. Siku ya tatu sauti yake ikaingia, jogoo anawika nyuma yake.

"Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Nimesikia mchezo wenu. Mmefanya vizuri kuandika majina." Akanyamaza kidogo. "Na njaa je? Njaa mmeiweka?"

Hatukuwa tumeiweka. Tulikuwa tumefikiria bombomu, kitanzi, kibuyu, kila kitu kinachoonekana vizuri kwenye picha. Hakuna aliyefikiria ghala.

Jumamosi hii tunaanza upya kuanzia mwezi wa Februari. Kabla ya kuketi, kila mtu anapaswa kujua kijiji chake kina magunia mangapi ya mtama.